Shimo la Matofali Lililogeuka Bwawa

Leo naomba niwasimulie habari ya shimo. Huenda baadhi yenu mtacheka, kwa kuwa ukurasa huu umezoea kutufundisha mapishi, malezi na usafi wa nyumba, na shimo ni kitu ambacho mtu mwenye akili timamu hukikwepa njiani. Lakini shimo ninalolisema nusura lichukue roho ya mtoto wetu, na nusura litugawanye sisi ndugu wa tumbo moja. Mwisho wake lilitufundisha, wazee kwa vijana, jambo ambalo mimi sikulipata katika chuo cha ualimu wala katika ofisi ya serikali ninamofanya kazi sasa.

Mimi na mume wangu, ambaye ni askari polisi, tunakaa katika mtaa wa Asiatique hapa Bujumbura. Wenyeji wa jiji wanaujua vema mtaa huu. Zamani za utawala wa Wabelgiji ulitengwa kwa ajili ya wafanyabiashara waliotoka Bara Hindi na Arabuni, na hata leo bado ni mtaa wa maduka, maghala na mafundi, na Kiswahili husikika katika kila kibaraza kuanzia adhana ya alfajiri mpaka taa zinapozimwa. Nyumba tunayopanga imejengwa kwa matofali ya kuchoma. Kila siku nilikuwa nikiegemea ukuta wake nikinywa chai, wala haikunipitia hata mara moja kujiuliza: udongo huu ulitoka wapi, na pale ulipotoka pamebaki nini?

Jibu lilikuwa katika ukoo wangu mwenyewe. Shangazi yangu anakaa Maramvya, kaskazini mwa jiji, katika bonde la mto Rusizi. Marehemu mumewe alikuwa mfyatuaji wa matofali. Kazi hiyo ni uchimbaji wa madini kama uchimbaji mwingine wowote, ingawa hakuna anayeuita hivyo: unaondoa udongo wa juu wenye rutuba, unaufikia mfinyanzi, unauchimba kwa jembe na sururu, unaukanda, unaufyatua, unauanika, kisha unauchoma katika tanuru. Marehemu aliifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Alisomesha watoto wake kwa kazi hiyo, na sina shaka kwamba baadhi ya kuta za jiji letu zimetoka katika mikono yake. Alipofariki, aliacha nyumba, mjane, mashamba mawili madogo, na shimo. Shimo hilo lilikuwa na urefu wa hatua kama sitini na upana wa hatua kama arobaini, na katikati kina chake kilikipita kimo cha mtu mzima.

Mvua za kwanza zililijaza. Udongo wa mfinyanzi haupitishi maji upesi, nayo maji ya ardhini katika bonde lile hayako mbali; kwa hiyo kiangazi kilipofika maji yalipungua, lakini hayakukauka. Mwaka wa pili yakaota matete kwenye kona moja. Mwaka wa tatu yakaja mafunjo, wakaja vyura, wakaja kerengende, kisha ndege. Yangeyange walisimama ukingoni kama wazee waliovaa kanzu nyeupe, na mdiria alikaa juu ya tete akichungulia maji. Hakuna aliyepanda wala aliyewaalika. Mwaka wa nne jirani mmoja akatia samaki wachache wa tilapia, nao wakazaana.

Sisi watu wa mjini tulipokwenda kumsalimu shangazi siku za Jumapili, hatukuyaona hayo yote. Tuliona shimo lenye maji machafu na mbu.

Kisha ikaja siku ile. Ilikuwa mchana, baada ya chakula. Watu wazima tulikuwa tumekaa chini ya mwembe tukizungumza, na watoto walikuwa wakicheza nyuma ya nyumba. Mtoto wa kaka yangu, mvulana wa miaka saba, alikwenda kuokota mpira wake uliotumbukia majini. Ukingo ulikuwa wima kama ukuta, kwani ndivyo jembe la mfyatua matofali linavyouacha. Ukamomonyoka chini ya miguu yake. Tulisikia mayowe ya watoto wenzake, nasi tulipofika tuliona mkono mmoja tu juu ya maji. Mume wangu alijitosa na viatu vyake akamtoa. Mtoto alikuwa amekunywa maji, macho yamegeuka. Alipotapika na kulia, shangazi alikaa chini akaanza kulia pamoja naye.

Jioni ile ile kaka yangu alisema neno lake: shimo lifukiwe. Hakusema kwa hasira tu. Alikuwa amekwisha kuzungumza na mtu mwenye malori anayezoa taka za mjini, naye alikuwa tayari kulijaza taka mpaka juu, tena kwa kulipa. Kaka alitukumbusha methali ya wahenga, kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilimwunga mkono. Naliandika hilo waziwazi, ili msomaji asidhani kwamba nilikuwa na hekima tangu mwanzo. Mama yeyote aliyeuona mkono ule juu ya maji angalisema kama nilivyosema.

Shangazi peke yake alikataa. Alisema, “Wanangu, ninyi mnaona shimo. Mimi naona kisima changu. Lengalenga mnayokula kila mnapokuja nimeimwagilia kutoka humo, na kiangazi kilichopita visima vya majirani vilipokauka, walichota kwangu. Tena mtajaza taka ndani ya shimo, halafu mimi nitakunywa maji ya kisima kilicho hatua thelathini kutoka hapo. Mtoto aponye, nami nife kwa kunywa sumu?”

Tulinyamaza. Kikao kikaahirishwa, na tukakubaliana kurudi baada ya miezi miwili.

Katika miezi hiyo nilikumbuka safari niliyoifanya mwaka 2019, nilipokwenda Mombasa kumwona mdogo wangu aliyeolewa huko. Alinipeleka mahali panapoitwa Haller Park, upande wa Bamburi. Nilitembea chini ya msitu wa mivinje, nikaona viboko, mamba, kobe wakubwa na mabwawa ya samaki, nikadhani ni msitu wa asili uliozungushiwa ua. Siku ile sikuyatilia maanani maelezo ya yule kijana aliyetuongoza. Safari hii niliyatafuta tena na kuyasoma kwa utulivu.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954. Ili kupata saruji, kilichimba mawe ya chokaa yaliyotokana na matumbawe ya kale, kikaacha nyuma yake jangwa: mwamba mweupe mtupu, joto kali, hapana udongo, na chini kidogo tu maji ya ardhini yenye chumvichumvi. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni hiyo, alianza kujaribu kuirudishia uhai ardhi ile. Alipanda aina 26 za miti. Iliyoweza kustahimili ni aina 3 tu, na uliofaa kuliko yote ulikuwa mvinje, kwa sababu unastahimili chumvi, na mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyoupatia naitrojeni kutoka hewani.

Hata hivyo likatokea tatizo. Majani ya mvinje yalidondoka yakalundikana bila kuoza, na pasipo kuoza hapana udongo. Suluhisho likaletwa na mdudu ambaye sisi tukimwona jikoni tunamfagia nje: jongoo. Majongoo wenye miguu myekundu waliletwa kwa wingi, wakala majani yale, na mavi yao yakawa mboji. Polepole udongo ukapatikana, miti mingine ikaota, mabwawa yakachimbwa, tilapia wakafugwa, ndege wakaja. Mwaka 1984 njia ya matembezi ilifunguliwa kwa wananchi, na mwaka 1999 pakapewa jina la Haller Park. Huko ndiko alikopelekwa yule mtoto wa kiboko aliyeitwa Owen, aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya mawimbi makubwa ya bahari ya tarehe 26 Desemba 2004. Alimfuata kobe mzee aliyeitwa Mzee, aliyekisiwa kuwa na umri wa miaka 130 hivi, akamganda kama mama yake, na habari hiyo ikasomwa na watoto ulimwenguni kote. Wengi walioisoma hawakujua kwamba urafiki ule ulifanyika ndani ya shimo la machimbo.

Nikasoma pia habari za Uingereza. Katika sehemu ya mashariki ya nchi hiyo, jimbo la Norfolk, kuna mabwawa mengi mapana yaliyojaa matete, ndege na mashua za watalii. Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba Mungu aliyaumba hivyo. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa mimea, Bibi Joyce Lambert, alipochunguza chini ya maji yale alikuta kingo zilizo wima na sakafu iliyo bapa, yaani alama za uchimbaji. Ikathibitika kwamba mabwawa yale ni mashimo ya watu wa kati ya karne ya 12 na ya 14, waliochimba turba, ule udongo mweusi unaowaka kama makaa, ili wapate moto wa nyumbani. Maji yalipopanda, mashimo yakafurika, na watu wakasahau.

Nilipolisoma neno “wima” nilishtuka, maana nilikumbuka ukingo uliomomonyoka chini ya miguu ya mtoto wetu. Jembe ni lile lile, Norfolk na Maramvya.

Hapo ndipo fikra zangu zilipoanza kugeuka. Nikajiuliza: je, tatizo letu ni maji, au ni ukingo? Ni bwawa, au ni namna tulivyoliacha bila mlinzi? Mtoto hakuzama kwa sababu matete yaliota. Alizama kwa sababu mtu alichimba, akachukua alichokitaka, akaondoka bila kumaliza kazi. Namheshimu sana marehemu mume wa shangazi, wala simlaumu. Hakuna aliyemfundisha kwamba kazi ya mchimbaji haiishi siku tofali la mwisho linapotoka katika tanuru. Lakini sisi tuliobaki tulikuwa na nafasi ya kuimaliza.

Jambo la pili lililonigeuza ni mvua. Nani katika Bujumbura ameusahau usiku wa tarehe 9 kuamkia tarehe 10 Februari 2014, maji yaliposhuka kutoka milimani na kuwaua watu zaidi ya 60 katika mitaa ya kaskazini ya jiji? Nani ameisahau Gatumba ya mwezi Aprili 2020, mto Rusizi ulipovunja kingo zake na maelfu ya jamaa kukimbia makwao? Wako askari na polisi wanaosoma gazeti hili ambao walibeba watoto wa watu mabegani siku hizo. Maji yanayotoka milimani hutafuta mahali pa kupumzikia. Zamani mahali hapo palikuwa vinamasi vya bonde, navyo vilipokea maji, vikayapunguza mbio, vikayachuja matope, kisha vikayaachia polepole kwenda ziwani. Tumejenga juu ya vinamasi vingi. Sasa maji hayana kitanda, ndiyo maana yanalala katika vitanda vyetu. Shimo la shangazi ni dogo, kweli. Lakini bonde lina mashimo mengi kama hilo, na kila moja ni kikombe. Tukivijaza vikombe vyote taka, mvua itamimina wapi?

Tena kuna ziwa letu Tanganyika. Matope yanayoletwa na mito hufunika mawe na mchanga wa pwani, pale samaki wanapotagia na kulelea vifaranga. Matete na mafunjo huyazuia matope hayo kabla hayajafika ziwani. Kwa sababu hizi na nyingine, delta ya mto Rusizi karibu na ziwa imo tangu mwaka 2002 katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa mataifa yote, kwa mujibu wa mkataba uliotiwa saini mjini Ramsar, Iran, tarehe 2 Februari 1971, mwaka ule ule Haller alipoanza kupanda miti yake Bamburi.

Lakini palibaki swali ambalo mama yeyote angeuliza, nalo ni la mbu. Sikutaka kulikwepa. Mwezi Machi 2017 serikali yetu ilitangaza mlipuko wa malaria nchini, na katika mtaa wetu hapakuwa na nyumba isiyokuwa na mgonjwa. Nikasoma kwa bidii nikaona kwamba si kila maji huzaa mbu wa malaria kwa kiasi kilekile. Mbu huyo hupenda sana vidimbwi vidogo, vyenye jua na visivyo na samaki: nyayo za ng'ombe, alama za magurudumu ya gari, na mashimo mapya ya wafyatuaji. Katika utafiti uliofanywa Kisii, magharibi mwa Kenya, na kuchapishwa mwaka 2007, tilapia walitiwa katika mabwawa yaliyotelekezwa, na baada ya majuma 15 viluwiluwi vya mbu wa malaria vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 94. Mabwawa yasiyotiwa samaki yaliendelea kuzaa mbu. Maana yake ni kwamba bwawa lililotupwa ni adui, na bwawa linalotunzwa si rafiki kamili, lakini ni jirani anayeweza kuvumilika.

Ugonjwa mwingine ni kichocho. Bonde la Rusizi linajulikana kwa kichocho cha matumbo. Vimelea vyake hutoka katika kinyesi cha mgonjwa, vikaingia ndani ya konokono wa majini, kisha vikatoka na kupenya ngozi ya mtu anayeoga au kusimama majini. Kwa hiyo kinga yake ni choo kizuri mbali na maji, na kutooga wala kuchezea bwawani. Anayeshuku kwamba ameambukizwa aende katika kituo cha afya. Dawa iitwayo prazikwanteli hutibu.

Kikao cha pili kilipofika, nilikwenda na daftari kama mwalimu anavyokwenda darasani. Mume wangu alikaa kando yangu. Kaka alikuja amekunja uso, naye alikuwa na haki ya kuukunja. Nilisema yote niliyoyaandika hapa, kisha nikamgeukia nikamwambia, “Kaka, mtoto ni wako. Ukisema lifukiwe hata baada ya haya, mimi sitakupinga tena. Ila nakuomba tulifukie kwa udongo, si kwa taka, na gharama tuibebe sote.”

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza swali moja tu: “Nani atakayenihakikishia kwamba mtoto mwingine hatatumbukia?” Mume wangu akajibu, “Hakuna anayeweza kuhakikisha, shemeji. Lakini tunaweza kuuondoa ule ukingo.”

Basi tulifikia makubaliano, nami nayaandika hapa kwa faida ya jamaa nyingine zenye shimo kama letu.

Kwanza, tuliondoa kingo zilizo wima. Vijana wa ukoo walifanya kazi ya Jumamosi tano, wakazikata kingo na kuusukuma udongo ndani, mpaka pande zote zikawa mteremko wa polepole. Mtu akiteleza sasa ataloa magoti na atasimama. Udongo huo pia ulipunguza kina cha katikati.

Pili, tulipanda ua wa minyaa, ile mimea yenye utomvu ambayo mbuzi hawaili, tukaacha mlango mmoja tu, wenye komeo la juu ambalo mtoto mdogo halifikii.

Tatu, watoto walifundishwa. Niliwakusanya wote, wa kwetu na wa majirani, nikawaonyesha mahali na kuwaeleza sababu. Mtoto anayekatazwa bila kuelezwa hurudi mama akigeuka nyuma.

Nne, tuliongeza tilapia, na kila mwezi matete ya ukingoni hupunguzwa, maana samaki hawafiki palipo na majani mengi, na hapo ndipo mbu wanapojificha. Hatuyang'oi yote, upande mmoja tumewaachia ndege. Matete yanayokatwa hufanywa mikeka na uzio.

Tano, choo cha shangazi kilichokuwa karibu na shimo kilihamishwa upande wa juu wa kiwanja, mbali na maji. Maji ya bwawa ni ya kumwagilia bustani tu. Ya kunywa ni ya kisima, nayo huchemshwa. Anayechota bwawani hutumia ndoo yenye kamba, akisimama juu ya ubao, pasipo kukanyaga maji.

Sita, hakuna taka, hata ganda la ndizi. Shimo likianza kupokea ganda la ndizi leo, kesho litapokea betri na kopo la mafuta.

Hata baada ya hayo, kila mtu hulala ndani ya chandarua. Hatukuahidiana muujiza.

Je, kila mtu alifurahi? La. Kaka yangu alikosa fedha za yule mwenye malori, fedha alizokwisha kuzipangia karo. Tulichanga sote kumsaidia, lakini mchango wa ndugu si sawa na fedha ya mkononi, nasi tunalijua hilo. Mwaka mzima hakukanyaga upande ule wa kiwanja. Wala simlaumu, kwa kuwa mimi niliuona mkono wa mtoto wa ndugu yangu, naye aliuona mkono wa mwanawe.

Kilichomrudisha si maneno yangu. Ni mvua kubwa ya masika yaliyofuata, siku alipokuwa kwa shangazi kwa shughuli nyingine. Maji yalishuka njiani kwa nguvu, yakiwa mekundu kwa udongo, na badala ya kuingia katika nyumba ya jirani kama miaka iliyopita, yalikata kona yakamiminika bwawani. Bwawa lilipanda mpaka kwenye mizizi ya ua, likatulia. Baada ya siku kadhaa likashuka. Kaka alisimama akatazama, asiseme kitu. Jumapili iliyofuata alikuja na mwanawe, akamshika mkono akamtembeza kandokando ya ua, akimwonyesha ndege.

Sasa, ndugu wasomaji, naomba msinielewe vibaya. Sisemi kwamba uchimbaji ni baraka, wala kwamba tuchimbe kinamasi kizima kwa kuwa eti maji yatarudi yenyewe. Hilo ni kosa kubwa. Wengi wenu mliopita makambini mnaijua turba, maana imepikia maharagwe ya askari wetu kwa miaka mingi. Ofisi ya Taifa ya Turba, ONATOUR, iliundwa mwaka 1977 ili kuichimba, na makambi na magereza yamekuwa wateja wake wakubwa. Inaokoa miti, hilo ni kweli. Lakini turba ni mimea ya kinamasi iliyolundikana kwa maelfu ya miaka, nayo ikichimbwa hairudi katika maisha ya wajukuu wetu. Bwawa linaloota juu ya shimo ni kama mtoto wa kulea: apewe mapenzi yote, lakini kuwepo kwake si sababu ya kumtupa mzaliwa. Kinamasi cha asili kilicho hai kiachwe hai. Shimo ambalo limekwisha kuchimbwa ndilo tulitunze.

Hali kadhalika si kila shimo linafaa. Yule anayechimba mawe na mchanga ndani ya mto, kama wanavyofanya watu katika Ntahangwa na mito mingine inayopita jijini, hazai bwawa. Anadhoofisha kingo, na nyumba za watu zinaning'inia. Shimo lililo chini ya kuta za nyumba, au lililokwisha kuingiwa na taka zenye sumu, lifukiwe kwa ushauri wa wataalamu. Busara ni kupambanua.

Nawaomba basi ninyi askari, polisi na jamaa zenu. Ninyi mnajenga. Mnapostaafu, jambo la kwanza mnalofikiri ni kiwanja na matofali. Siku mnaponunua matofali, muulizeni mfyatuaji: shimo lako liko wapi, na utalifanyaje ukimaliza? Swali hilo halina gharama. Wanunuzi kumi wakiliuliza, mfyatuaji ataanza kufikiri. Wakiliuliza mia, ataanza kulaza kingo. Na nyinyi akina mama mnaokaa karibu na mashimo ya zamani, msiyangoje malori ya taka. Anzeni na ukingo, kisha ua, kisha samaki.

Nami jioni nikirudi kazini, nikikaa kibarazani hapa Asiatique nikauegemea ukuta wetu, sasa najua kwamba kila ukuta tunaoujenga una shimo lake mahali fulani. Ukuta tunaupaka rangi kila mwaka wa sikukuu. Shimo nalo lina haki ya kuangaliwa.

Mtoto wetu ana miaka kumi na mmoja leo. Amejifunza kuogelea, lakini si bwawani. Juzi aliniuliza, “Shangazi, yule ndege mweupe anakwenda wapi mvua ikinyesha?” Nikamwambia sijui, tukamwulize bibi yako wa Maramvya, maana yeye anakaa naye.